Miti Mikongwe na Viwanja Vipya

Sisi tukaao katika vijiji vya mashariki ya Dodoma tumezaliwa shambani, na yaelekea tutazeekea mjini, wala hatukuhama hata hatua moja. Mji wenyewe ndio uliotufuata. Mwaka 1973 ilikatwa shauri kwamba Dodoma iwe makao makuu ya Tanzania, lakini kwa miaka mingi baada ya hapo baba zetu walizidi kulima uwele na mtama kana kwamba neno lile lilinenwa juu ya nchi nyingine. Ndipo mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kweli kweli, na Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Tangu hapo mtu akiulizwa shamba lake lina ekari ngapi, hujibu kwa hesabu ya viwanja.

Wasomaji wapendwa, napenda kuandika juu ya jambo moja katika mabadiliko hayo, ambalo mtu aweza kulidharau: habari ya miti mikubwa iliyotangulia kuwapo mahali panapopimwa. Sisemi kwamba viwanja visipimwe. Watu huzaana, watoto hukua, na kila mtu ataka mahali pa kulaza kichwa chake. Tena kiwanja kilichopimwa vizuri chaondoa ugomvi mwingi wa mipaka. Lakini nimeona mara nyingi kwamba fundi wa kwanza kufika si mwashi wala seremala, bali ni tingatinga. Huja asubuhi, na jua lifikapo utosini, mahali palipokuwa na miti mizee pamekuwa peupe kama kiganja cha mkono. Nyumba yenyewe itachukua miaka mitatu au minne kumalizika, kwa kadiri mwenyewe apatavyo fedha. Lakini mti umeondoka kwa saa moja.

Yafaa kwanza tujue thamani ya kitu tunachokiondoa. Nchi yetu ya Ugogo hupata mvua kidogo, wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha tangu Desemba hata Aprili. Miezi iliyobaki ni kiangazi, upepo na vumbi. Mche uliopandwa leo wataka ndoo za maji katika kiangazi kizima, na ua wa miiba wa kuuzuilia mbuzi, na mtu wa kuukumbuka. Mwaka 2017 ilipoanzishwa kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani, shule nyingi zilipanda miche, na shule yetu nayo ilipanda. Tulipanda arobaini, iliyo hai leo ni kumi na mmoja, na wanafunzi waliobeba maji wajua jinsi kila mmoja wa hao kumi na mmoja ulivyogharimu. Lakini mkwaju mkubwa hautaki ndoo ya mtu. Umekwisha kujitafutia maji yake tangu kabla ya babu zetu, na kivuli chake cha adhuhuri hutosha darasa mbili kuketi.

Kadhalika mbuyu. Ni kweli kwamba hupukutisha majani wakati wa kiangazi, hata mgeni akauona kama mti mfu. Ni kweli pia kwamba mti wake haufai kwa mbao, wala kwa kuni haufai sana. Ndiyo sababu wengine huuita mti wa bure. Lakini majani yake machanga hupikwa mboga, ganda lake hufanywa kamba, na mti huota ganda jingine. Nyuki hukaa katika mashimo yake. Na unga wa tunda lake, yaani ubuyu, huuzwa toka sokoni kwetu hata nchi za mbali. Maua yake hufunguka usiku, na popo huyatembelea na kuyachavusha. Na umri wake ni ajabu. Wataalamu huupima kwa njia ya kaboni. Mbuyu mmoja wa Zimbabwe, uitwao Panke, uliokufa yapata mwaka 2010, ulionekana kuwa umeishi miaka kama 2,450. Tena mwaka 2018 ilitangazwa katika jarida la Nature Plants kwamba katika mibuyu 13 iliyo mizee kuliko yote waliyoipima Afrika, 9 ilikuwa imekufa, au sehemu zake kuu zimekufa, katika muda wa miaka kumi na miwili tu. Kama mibuyu inakufa hata pasipo shoka, haifai sisi tuisaidie kufa.

Najua majibu ya watu, maana nimeyasikia yote. Wa kwanza husema, "Tutapanda mingine." Huyo nimekwisha kumjibu kwa habari ya miche yetu arobaini. Kupanda ni jambo jema, wala nisingependa mtu aache kupanda kwa sababu ya maneno yangu; lakini mche ni ahadi, na mti mkubwa ni kitu kilichokwisha kutolewa. Mtu hatupi chakula kilicho mezani kwa kuwa amekwisha kupanda mbegu.

Wa pili husema kwa sauti ya chini kidogo, "Mwalimu, mbuyu ule ni maskani ya mashetani. Babu zetu walitambikia pale. Sisi Wakristo haitupasi kuuacha." Neno hili lataka jibu la heshima, maana asemaye asema kwa nia njema. Nami humwuliza: Je, mti ulitenda nini? Walioweka vibuyu vya pombe shinani walikuwa watu, na watu hao wameacha. Mtu aukataye mbuyu kwa kuogopa mashetani angali anauheshimu kwa namna ile ile ya zamani; lakini mtu alaye ubuyu wake na kuketi kivulini mwake bila hofu, huyo ndiye aliyeshinda. Tena Torati ya Musa, katika sura ya 20 ya Kumbukumbu la Torati, iliwakataza watu kuikata miti ya matunda hata wakati wa kuuzingira mji wa adui. Ikiwa hata vitani mti wa chakula ulihurumiwa, sembuse katika kujenga nyumba za amani.

Wa tatu husema, "Mti mkubwa utaangukia nyumba." Huyo ana haki, na nitarudi kwake. Wa nne husema, "Mti unakula kiwanja, na kiwanja ni fedha." Huyo ndiye mwenye neno zito kuliko wote, nami nalisikia neno lake katika nyumba yetu wenyewe.

Marehemu baba yetu alituachia shamba, mimi, dada yangu anifuataye, na mdogo wetu wa kiume. Katika shamba hilo mlikuwa na miti mitatu mikubwa: mbuyu mmoja na mkwaju mmoja, iliyo mbali kwa hatua thelathini hivi, na mkuyu mmoja ukingoni mwa korongo. Zamu ya kijiji chetu ilipofika, wenye mashamba walikubaliana pamoja kupimiwa, wakamlipa mpima kwa sehemu ya viwanja, kama ilivyo desturi sasa. Baada ya gharama, fungu letu likawa viwanja kumi na vitano, vitano kwa kila mtu. Mchoro wa kwanza ulipoletwa niliuona mbuyu umo katikati ya barabara, na mkwaju umegawanywa na mpaka wa viwanja viwili. Yaani katika mchoro haumo kabisa. Mimi ndimi niliyejua kwamba ulikuwa pale.

Nalimwendea mpima, kijana mpole tena hodari wa kazi yake, nikamwuliza kwa nini. Akanijibu, "Shikamoo, Mwalimu. Mchoro huu nimeuchora juu ya picha iliyopigwa toka angani. Miti yenu naiona kama madoa meusi. Hakuna aliyeniambia kwamba madoa hayo yahesabiwe." Kisha akaongeza neno ambalo nimelihifadhi: "Mchoro ukiwa bado haujapitishwa, kuubadili ni kazi ya siku mbili. Ukiisha kupitishwa, na bikoni zikiisha kusimikwa, na watu wakiisha kununua, ni kazi ya miaka, na huenda isiwezekane."

Nikamwuliza kama sheria yamtaka aache mahali popote wazi. Akasema ndiyo, na kwamba amekwisha kutenga eneo la wazi, ukubwa wa viwanja vinne, katika shamba la mzee jirani yetu upande wa kaskazini, mahali pasipo na mti hata mmoja. Ndipo nilipoona njia. Ardhi ya wazi ilikuwa imekwisha kutolewa; iliyopungua ni akili ya kuiweka penye miti.

Lakini mambo rahisi katika karatasi si rahisi katika ukoo. Eneo la wazi likiletwa kwetu, mzee jirani atapata viwanja vinne, nasi tutapoteza vinne. Mdogo wangu aliposikia alikasirika, wala simlaumu. "Kaka," aliniambia, "wewe una mshahara wa mwalimu. Mimi sina ila ardhi hii. Mtoto wangu yuko sekondari, nyumba yangu haijaezekwa. Mti huu umenilipia ada lini?"

Nalinyamaza, kwa kuwa alisema kweli. Aliyejibu si mimi, ni dada yetu. Yeye hukusanya ubuyu na ukwaju kila mwaka, huutwanga, huufunga, na kuupeleka soko la mjini. Akasema taratibu, "Mdogo wangu, mimi mti huu umenilipia ada miaka minne. Wewe hukuuliza, maana ulidhani ni kazi ya wanawake." Mdogo wetu akainama. Toka siku hiyo sijapata kusema mbele ya watu kwamba mti hauna fedha. Husema kwamba fedha yake hupita katika mikono ambayo wanaume hawaihesabu.

Basi tulikwenda kwa mzee jirani, mimi na dada yangu. Tulisalimiana, tukaeleza yote bila kuficha. Mzee akafikiri kitambo, akasema, "Kivuli hicho nimekilalia tangu utoto wangu. Haifai nipewe viwanja vinne kwa sababu watoto wa rafiki yangu wamependa mti. Tugawane hasara." Akatupa viwanja viwili katika vinne vilivyomrudia, naye akabaki na viwili. Hivyo kila upande ulipungukiwa viwili. Katika vile viwili vyetu, kimoja kilitoka katika fungu langu, na kimoja katika fungu la dada yangu. Mdogo wetu hakupunguziwa kitu. Mkutano wa kijiji uliyakubali hayo, mpima akaisogeza barabara, na mchoro ukapitishwa hivyo. Mdogo wangu bado husema kwa mzaha kwamba mbuyu una deni lake. Lakini nimemwona akiwaonyesha wanunuzi viwanja vyake, nao huanza kwa kuuliza ni kipi kilicho karibu na miti.

Na mkuyu wa korongoni je? Huo ulikatwa. Shina lake lilikuwa limeoza ndani, hata mkono wa mtu uliingia. Umeinamia upande wa njia, na mwaka uliopita tawi lake lilianguka usiku pasipo upepo. Tulimwita afisa misitu, akaukagua, akashauri uondolewe, akatupa kibali. Sikuutetea. Mtu atakaye kuokoa kila mti, hata ulio na hatari, huwafanya wenziwe wasimsikie hata anapotetea ulio mzima. Hili ndilo jibu langu kwa yule wa tatu: mti uchunguzwe na ajuaye, ulio mbovu uondoke, ulio mzima usihukumiwe kwa kosa la mwenziwe.

Sasa nitaje jambo ambalo watu wema wengi hawalijui, nalo huharibu kazi yao. Kuna mtu wa kitongoji kingine aliyependa mkwaju wake kwa moyo wote. Alipojenga aliwaagiza mafundi wasiuguse, nao hawakuugusa kwa shoka. Lakini walichimba mtaro wa msingi hatua tatu toka shinani, upande huu na upande huu. Walikorogea saruji chini yake kwa kuwa pana kivuli. Na udongo uliochimbwa waliulundika shinani hata magotini. Nyumba ikaisha, watu wakaisifu. Mwaka wa pili majani ya juu yakakauka. Mwaka wa tatu mkwaju ulianguka juu ya ukuta wa jiko. Mwenyewe alidhani umerogwa.

Haukurogwa. Watu wengi hudhani kwamba mizizi ya mti hushuka chini sana, kama tawi lililopinduliwa. Sivyo. Mizizi mingi inayonyonya maji na chakula hukaa katika udongo wa juu, kina kisichozidi mita moja, nayo hutambaa mbali, mara nyingi kupita mwisho wa matawi. Mizizi hiyo huvuta hewa katika udongo. Lori likipita juu yake mara kwa mara, udongo hushindiliwa kama sakafu. Hewa haimo, na maji ya mvua hutiririka juu tu. Ukiufukia kwa kifusi, waukaba. Ukikata mizizi mikubwa upande mmoja, waondoa chakula chake pamoja na nguzo zake, na upepo utamaliza kazi. Na ubaya wa kifo hiki ni kwamba chachelewa: mti waweza kuishi miaka miwili au mitatu kwa akiba yake, hata fundi amekwisha kulipwa na kwenda zake.

Kuna kanuni itumikayo Uingereza, nayo ni rahisi hata mtoto wa darasa la sita aweza kuikokotoa. Pima kipenyo cha shina kwa kimo cha mita 1.5 toka chini. Zidisha mara 12. Utakachopata ndicho kipimo cha kulinda, toka shinani kwenda pande zote. Ndani ya mzunguko huo hapachimbwi, hapapiti gari, wala hapamwagwi kitu. Kwa mashina manene sana kipimo hukomea mita 15. Nami nilikwenda na wanafunzi wangu pamoja na kamba. Mkwaju wetu ulikuwa na mzingo wa mita 3 na sentimita 14. Basi kipenyo chake ni mita 1, na ulinzi wake ni mita 12 kila upande. Mbuyu ulikuwa na kipenyo cha mita 4 hivi; huo wapewa mita 15. Kisha niliwauliza: mzunguko wa mita 15 una eneo gani? Wakapata mita za mraba 707. Na kiwanja cha mita 20 kwa 30? Mita 600. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe mbuyu haumo katika kiwanja kimoja." Hilo ndilo jambo lenyewe. Mti mkubwa hauwezi kuokolewa na mwenye kiwanja peke yake, hata awe na moyo mwema kiasi gani. Akijenga nyumba ya kawaida katika kiwanja chake lazima aiguse mizizi. Huokolewa na mchoro, kabla ya viwanja kuwa na wenyewe.

Nchi yetu ina mfano mkubwa wa watu walioondoa kwanza na kuuliza baadaye. Mwaka 1947, huko Kongwa, Waingereza walianza mpango wa karanga, wakikusudia kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Walileta mitambo iliyotumika vitani, wakaisukuma katika vichaka na mibuyu. Vichaka viliivunja mitambo, na palipofyekwa pakawa wazi kwa jua. Udongo wenye mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama tofali, na mvua haikutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ikahesabiwa kuwa paundi milioni 36. Sidai kwamba mibuyu ingewapa karanga. Nasema kwamba waliichora nchi katika karatasi kabla ya kuijua, na sisi wenye mashamba madogo twaweza kutenda vivyo hivyo, kila mmoja katika ekari zake mbili.

Kuna na mfano ulio mwema zaidi. Novemba 2020, barabara kuu ya juu ilipokuwa ikijengwa Nairobi, mugumo mmoja mkubwa kando ya Waiyaki Way, uliokisiwa kuwa na umri wa miaka 100, ulikuwa karibu kung'olewa. Wakazi walipaza sauti, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru uachwe mahali pake. Nalifurahi kusikia. Lakini si kila mti utapata amri ya Rais. Afadhali desturi ya Uingereza, ambako halmashauri yaweza kuuwekea mti amri ya hifadhi kwa sheria, na aukataye bila ruhusa hushtakiwa. Na kabla ya kujenga, miti ya mahali pale huandikwa mmoja mmoja, huzungushiwa ua, ndipo mitambo iingie. Kelele huokoa mti mmoja. Utaratibu huokoa mingi.

Basi, ndugu zangu mtakaopimiwa mwaka huu au mwaka ujao, naomba mlipokee shauri hili. Kwanza, kabla mpima hajachora, tembeeni shambani pamoja, wazee na vijana na wanawake, mkaandike miti yote mikubwa: jina lake, unene wake, uzima wake, na nani hula katika mti huo. Msiwasahau wanawake, kama sisi tulivyofundishwa na dada yetu. Pili, mpeni mpima orodha hiyo mkononi, mkamwombe aitie miti katika mchoro wa kwanza, si wa mwisho. Tatu, maeneo ambayo sheria yayataka yawe wazi, yaani viwanja vya michezo, ua wa shule, mahali pa mikutano na kando za barabara, yawekwe penye miti. Maana ardhi hiyo mtaitoa kwa vyovyote. Nne, mti usiwe mzigo wa mwenye shamba peke yake. Kivuli ni cha wote, basi na hasara igawanywe kwa wote. Pasipo hivyo, mwenye mti ataukata usiku kabla mpima hajafika, na kosa litakuwa letu sote. Tano, mti ulioachwa na uzungushiwe miiba kwa kipimo nilichotaja, kabla lori la kwanza la mchanga halijaingia, na miiba isiondolewe hata nyumba ya mwisho imekwisha. Sita, mti mbovu na mti wa hatari uondolewe kwa kibali, na mahali pake pandwe mwingine.

Kijiji kimoja chaweza kuyatenda haya yote kwa kamba, kalamu, na mikutano miwili. Mimi nimeyaona kwa macho. Hakuna mfadhili atakayehitajika, wala mtambo. Kinachohitajika ni kuwahi. Mtoto akizaliwa leo katika nyumba mpya za Dodoma, ataweza kujengewa shule baadaye, na maji atavutiwa, na barabara itatiwa lami akiwa mkubwa. Lakini mbuyu ukiisha kuangushwa, hakuna bajeti ya mwaka wowote itakayomrudishia katika maisha yake, wala katika maisha ya wajukuu wake.